Maji Meupe ya Mwasiti

Fimbo ya tatu ilimvunja Masudi mkono. Alianguka kifudifudi kando ya mapipa ya mkewe, na Efraimu, mkulima wa bondeni hapo Mpemba, akamkanyaga shingo huku ameshika panga.

"Ng'ombe wangu wanne," alisema. "Wamekufa ndimi zimevimba. Walikunywa kwenye mfereji unaotoka hapa kwenu."

Nyuma yake wanaume watano walikuwa wanachana batiki zilizoanikwa.

Mwasiti aliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Kati ya watengeneza batiki wote waliowauzia Wazambia pale Tunduma, nani mwingine alijisumbua na maji machafu? Wenzake walimwaga tu. Yeye ndiye aliyekwenda semina Vwawa, akanunua maganda ya kahawa Itaka, akayachoma yakawa mkaa, akautwanga na kuujaza mapipani kwa mikono yake iliyochubuliwa na kostiki, ile dawa kali inayofanya rangi ikamate kitambaa. Mkaa ulikunywa rangi yote. Mwezi mzima mfereji wake haukuwa na doa. Leo washamba hawa wanakuja kumuulia mume.

"Mwacheni kwanza," alisema. "Njooni muone."

Akachota ndoo ya maji ya buluu aliyochovyea vitambaa asubuhi ile, akaimimina kwenye pipa la juu. Wanaume waliacha kuchana. Maji yalishuka pipa la pili, kisha la tatu, na kwenye bomba la chini yakatoka meupe kabisa. Mwasiti akayakinga kwenye glasi, akaiinua juani ili kila mtu aone.

Efraimu hakuondoa mguu. Panga lilikuwa limeshagusa shingo ya Masudi.

"Kunywa, mama. Ukinywa, namwachia mumeo."

Hilo tu? Mwasiti alimtazama kwa dharau, akainywa yote kwa mkupuo mmoja na kuigeuza glasi chini juu.

Efraimu akashusha panga, akaondoa mguu.

"Zamani yakija ya buluu tulikuwa tunawaswaga ng'ombe mbali," alisema taratibu. "Mwezi huu tumeona meupe, tukawaachia wanywe."

Mwasiti alifungua kinywa amjibu. Ulimi wake ulikuwa unateleza kama sabuni, kisha ukaanza kuwaka, vilevile mikono yake ilivyowaka siku alizosahau kuvaa glavu.