Nadhiri ya Bi Effat

Ndege mbili ziliruka adhuhuri, ikarudi moja. Bi Effat aliitazama ikigusa ardhi, akaona siyo ile anayoingoja, akasonya. Miguuni pake jiko la mafuta ya taa lilikuwa halijawashwa, na sufuria lake lilikuwa kavu.

Kila mtu katika kambi ile ya Isfahan aliijua nadhiri yake. Kapteni Kiumars Darabi akirudi mzima kutoka angani, yeye huwapikia askari wa getini supu nzito ya tambi na maharage. Asiporudi, hakuna supu. Darabi alikuwa ameshatungua ndege saba za Iraki, kwa hiyo askari wa getini walikuwa wamenenepa.

"Atakuja, mama," alisema Sajini Yadollah. "Huyo hafi ovyo."

"Nani kakuuliza?"

"Nakuliwaza tu. Binti yako hajambo?"

"Anakua. Polepole mno kwangu. Tazama juu huko, angalau macho unayo."

Yadollah alicheka, maana matusi yake alishayazoea. Askari walikuwa wamebishana muda mrefu kuhusu mwanamke huyu na rubani wao. Wengine walisema ni mama yake, lakini mama gani huyo asiyeamkiwa? Darabi akishuka kwenye ndege hupita pale getini katikati ya askari wawili wenye bunduki, akirudishwa kwenye chumba anamofungiwa. Hakuna aliyeshangaa. Marubani wa enzi za mfalme aliyepinduliwa walitolewa jela kuja kupigana, na serikali mpya haikuwaamini hata wakilala. Bi Effat humkagua kuanzia utosini hadi viatuni kama mtu anayechagua kondoo sokoni. Kapteni huinamisha macho. Supu ile hajawahi kuionja.

"Mimi nimeshajua," alisema Yadollah. "Mumeo alikufa, sivyo?"

"Alikufa."

"Basi ndiyo hivyo. Kila ndege anayoiangusha, Kapteni anakulipia kisasi."

"Hajalipa kitu huyo," alisema Bi Effat. "Bado."

Ndipo ikaonekana. Ilikuja chini sana, bawa moja likitoa moshi mweusi, ikajibamiza ardhini na kuserereka mchangani mpaka ikalala ubavu. Moto ukawaka mkiani. Bi Effat aliuma ncha ya baibui lake kwa meno akakimbia, akawapita vijana wenye bunduki na kuwakuta wazima moto wakisitasita na mipira yao ya maji.

"Mtoeni, wapumbavu nyie," alifoka. "Mnangoja aive?"

Walimtoa. Paja lilikuwa limechanika na damu ilimtoka kama maji ya bomba. Kwenye zahanati daktari alifungua jokofu akalikuta tupu, kwa sababu damu yote ilikuwa imepelekwa mstari wa mbele. Akauliza nani ana kundi O. Askari wakatazamana. Bi Effat alikuwa ameshapandisha mkono wa nguo.

"Chukua."

"Mama, wewe mwenyewe umedhoofu."

"Nimesema chukua. Huyo akifia mikononi mwako, hutanisahau maisha yako yote."

Daktari alichukua, na ilipoonekana haitoshi akachukua tena kupita inavyoruhusiwa. Bi Effat midomo ilimkauka na kuta zikamzunguka, lakini alikataa kulala. Aliomba kiti, akakiweka kando ya kitanda cha Kapteni.

Darabi alizinduka kesho yake alasiri. Daktari alifurahi kweli, maana usiku kucha alikuwa ameshakata tamaa.

"Mshukuru mama huyu, Kapteni. Ni damu yake iliyokurudisha."

Darabi aligeuza kichwa. Alipomwona aliyeketi pale, alifumba macho.

"Mngeniacha," alisema. "Nilitaka kufia kule juu."

Yadollah, aliyewekwa mlangoni na bunduki, alichukia. Kwa mara ya kwanza alimwona shujaa wake kuwa mtu wa hovyo.

"Huna haya, Kapteni? Mama wa watu kajikamua mpaka amebaki mweupe, ndiyo shukrani hiyo?"

"Mwache," alisema Bi Effat.

Aliinuka kwa shida, akalivuta shuka na kumfunika rubani vizuri hadi kifuani. Hakuna aliyewahi kuuona mkono wake ukiwa mpole hivyo. Kisha akainama karibu na sikio lake.

"Pona upesi. Alhamisi Narges wangu anatimiza miaka tisa, kisheria ni mtu mzima, na jaji atamuuliza kama anakusamehe damu ya baba yake au unyongwe. Jibu nimeshamfundisha."