Chumba cha Mitungi

Mpiga picha alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wa maonyesho yake mwenyewe, akiinusa picha namba kumi na tatu.

"Hainuki kitu," alisema.

"Karatasi hiyo, mume wangu. Ulitaka inuke nini?"

Mkewe, fundi wa fremu, alikuwa amekalia kiti pekee kilichokuwamo ukumbini. Safari hii hata ngazi hakuigusa. Alikaa tu akielekeza kwa kidole, pandisha kidogo, shusha kidogo, na mume ndiye aliyetundika zote.

Kumi na mbili zilikuwa zake. Kazi yake ilikuwa kuchukua kitu kidogo, kukiweka chini ya hadubini, kukipiga picha na kukikuza hadi kilingane na mlango. Kutu ya bomba ikawa jangwa. Jicho la nzi likawa sega la asali lisilo na mwisho. Chozi la shemeji yake, aliyekatishwa vitunguu vitatu kwa ajili ya sayansi, lilikauka juu ya kioo kilichoazimwa kwake likawa bustani, na mpaka leo shemeji anadai kioo chake.

Namba kumi na tatu ilikuwa ya mke. Ndivyo walivyozoea: kila maonyesho mke huchomeka picha moja ya fumbo, na mume ana mpaka saa sita mchana kusema ni ya kitu gani. Mara saba alikuwa amelifumbua, na kila mara alitembea kifua mbele wiki nzima. Safari hii kifua kilimzidi. Mke alipolalamika tena kwamba harufu ya chumba cha mitungi inamkimbiza nje, alimjibu, "Nishinde basi, ukichukue."

Chumba chenyewe, walipohamia, walikitenga kwa ajili ya mgeni. Walimngoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mgeni hakuja, nao wakaacha kumtaja. Ndipo hadubini ikaingia, taa zikafuata, kisha mitungi arobaini ya ukungu, ambao mpiga picha aliulea kwa mkate na kuupa majina. Bila chumba kile hakuwa na pengine pa kufanyia kazi.

Na sasa ilikuwa saa tano na nusu. Aliitazama tena picha: weusi mtupu, mawingu ya kijivu, na katikati mstari uliopinda wa vidoti vyeupe, mithili ya shanga zilizoangushwa gizani. Chini yake kibandiko kilisema: Mwezi wa Tatu.

"Ukungu," alisema, kwa mara ya nne tangu asubuhi.

"Hapana."

"Chumvi. Moshi. Rangi ya kucha."

"Hapana, hapana, na sina rangi ya kucha."

"Uliipiga mwezi wa tatu?"

"Sikuipiga mimi. Kapiga dada mmoja, ana chumba chake cha giza. Kwa siku anapiga hata watu ishirini, na hajawahi kutundika picha hata moja."

"Basi huyo si msanii," alisema mpiga picha, akajisikia nafuu kidogo.

Mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyekuwa akisikiliza bila kukaribishwa, alisogea na kurekebisha miwani. Alieleza kwamba sayari kubwa zina miezi mingi, na kwamba huu, kwa maoni yake, ni ule wa tatu. Mpiga picha alimkumbatia hadi miwani ikaanguka.

"Mwezi wa angani!" alimtangazia mkewe.

"Si wa angani," alisema mke. "Ila mwalimu hajapotea sana. Aliyemo humo ametoka mbali kweli."

Akaingia mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, ametoka moja kwa moja zamu. Alipofika namba kumi na tatu aliinamisha kichwa upande, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akamwendea fundi wa fremu na kumshika mikono yote miwili.

"Hongera, dada. Hongera sana."

Mke alimwekea kidole mdomoni, nao wakacheka kama watoto wa shule.

"Fremu ni nzuri, sikatai," alinung'unika mpiga picha.

Saa ya ukutani ilibakiza dakika moja. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akayafumbua yote. Kisha uso wake ukang'aa.

"Umeniibia mtungi. Ni ukungu wangu mwenyewe, na neno langu la mwisho ni hilo. Ukungu."

Mke alitikisa kichwa. Alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Mpiga picha alitoa ufunguo mfukoni, akaupapasa mara mbili, akauweka kwenye kiganja cha mkewe. Moyo ulimuuma, lakini alikuwa mtu wa neno lake.

"Haya. Najua utakijaza mbao za fremu."

"Mbao za nini? Chumba ni cha mgeni."

"Mgeni gani tena?"

Mke alielekeza kidevu ukutani.

"Huyo hapo, ambaye baba yake anamwita ukungu tangu asubuhi."