Koti la Nta

Kupe mmoja mjane aliishi sikioni mwa ng'ombe. Dawa ya josho ilikuwa imemwulia wanawe saba. Alimzika wa mwisho, akamshukuru Mungu kwa yaliyobaki, ingawa hakuyaona.

Matangani hakuendwi mikono mitupu. Kiroboto, asiyekaa mahali pamoja, alikuja amevaa koti la nta. "Pole, dada. Dawa haipenyi hapa. Tazama nilivyolishona, nawe ushone lako."

Kupe akashona, akavuka josho mzima. Basi akawafundisha majirani wote, mmoja baada ya mwingine.

"Hata chawa, dada?" Kiroboto akamtania. "Tangu lini mkawa ukoo?"

"Msiba hauna ukoo, kaka. Tena nikimfundisha, langu halichakai."

Josho lililofuata hakufa hata mdudu mmoja. Wakashukuru, wakala, wakazaana, wakala tena.

Ng'ombe akayumba. "Jamani, mbona mmekuwa wengi hivi?"

"Ni neema, mama," Kupe akamjibu kwa upole.

Siku ya nne ng'ombe alilala, hakuinuka tena. Wadudu wakaketi matanga juu ya ngozi baridi, kila mmoja na koti lake zima, wakimngoja jirani wa kuwaletea chakula.