Picha za Jerono

"Mama, picha za mtoto wako hazijapotea," muuzaji alisema, na papo hapo Jepkorir akajua ameangukia mikononi mwa mwongo.

Alikuwa ameonywa. Asubuhi hiyo nyumbani Kiminini, mumewe Kipkirui alimweleza polepole, bila ukali: "Nunua ile simu ndogo ya tochi, urudi. Hao vijana wa Kitale wanalipwa kwa kila simu kubwa wanauza. Wanaweza kukuuzia hata maji ya mto. Usiwasikize."

Na huyu hapa sasa, Gathii kwa jina, shati limepigwa pasi, maneno matamu. Jepkorir alijuta kumtajia habari za mtoto. Zilimtoka tu alipoulizwa simu yake ya kwanza ilienda wapi. Ng'ombe aliikanyaga wakati wa kukama, mwezi wa pili, na ndani yake mlikuwa na kila picha ya Jerono, binti yake wa pekee, aliyefariki mwaka jana akiwa na miaka saba. Walimzika hapo hapo shambani, nyuma ya nyumba. Sasa mama mtu alibaki na ile picha moja ya kwenye kijitabu cha mazishi, na hiyo nayo wachapishaji waliiharibu hata pua haionekani.

Kuna siku aliamka akashindwa kukumbuka pengo la meno la Jerono lilikuwa upande gani. Siku hiyo hakukama. Ng'ombe walilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kipkirui, Mungu ambariki, hakukaa bure. Alifunga safari mpaka Bungoma, kwenye lile duka walikonunua simu zao mbili, akarudi jioni macho mekundu. Wamesema picha zilikufa na simu, alimwambia. Wakalia wote wawili.

"Bwana yangu aliuliza," Jepkorir akamwambia Gathii. "Zilikufa na simu."

"Picha hazikai kwa simu peke yake, mama. Zinaenda kwa akaunti. Nani aliwafungulia akaunti?"

"Vijana wa duka. Huko Bungoma."

"Basi hao ndio wanaijua. Beba hii, wakuingizie akaunti yenu. Ukikosa picha, nirudishie, nikupatie ya tochi na pesa inayobaki."

Alimchukia. Ni mtu wa namna gani huyu, kufanya biashara na mtoto wa mtu aliye kaburini? Lakini alilipa. Pesa ya maziwa ya miezi minne aliihesabu mara mbili juu ya kaunta, na alijua fika kwamba anafanya ujinga. Angefanya nini? Hata kama ni uongo, ulikuwa uongo wenye Jerono ndani.

Saa nane mchana alikuwa Bungoma, mbele ya kijana anayeitwa Kevin. Kevin alifurahi mno kumwona, jambo lililomzidishia shaka.

"Si nyinyi ndio mlikuja na mzee, mkachukua simu mbili? Niliwafungulia akaunti moja ya wote, sababu hamkuwa na email." Akatoa daftari kuukuu. Humo aliandika akaunti na nywila ya kila mteja, kwa sababu wateja wake walikuwa wepesi wa kusahau.

"Mzee alikuja hapa mwezi wa pili kuuliza hizo picha," Jepkorir alisema. "Mkamwambia zimekufa."

"Hapa? Hapana, mama. Tangu mnunue zile simu, mzee hajawahi kurudi hapa."

Ona sasa, Jepkorir akawaza. Wanamdanganya mtu, kisha wanakana hata kumwona. Kumbe hawa watu ni wale wale, uwe Kitale, uwe Bungoma. Akaapa moyoni kwamba jioni atamwambia Kipkirui wazi: ulisema kweli, mimi ndiye sikusikia.

Kevin alibonyeza hapa na pale, akamrudishia simu. "Ngoja kidogo. Zinashuka."

Jepkorir hakutaka kutazama. Kisha akatazama.

Jerono amepanda wilbaro. Jerono amelala juu ya nyasi, kichwa ubavuni mwa ndama. Jerono amefumba jicho moja, anacheka, na pengo liko kushoto. Kushoto, jamani. Jepkorir aliketi sakafuni kati ya maboksi akalia bila kumwonea haya mtu yeyote. Alitaka kumwomba msamaha Kevin, na yule Gathii, na kila kijana aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta. Zaidi ya yote alitaka kumpigia mumewe, naye afurahi. Maskini, alikuwa amelia kama yeye.

Picha ziliendelea kushuka. Sasa zilikuwa za juzijuzi, wala hakuzipiga yeye. Zilikuwa za simu ile nyingine, ya Kipkirui. Katika moja, Kipkirui amepeana mkono na mwanamume mgeni mwenye viatu vya mjini. Wamesimama kando ya kaburi la Jerono, na utepe wa kupimia umelazwa kwenye nyasi, unapita kaburini na kuendelea hadi kwenye ua.

Iliyofuata ilikuwa ya karatasi yenye mhuri. Shamba la Kiminini, ekari tatu, limeuzwa. Kipkirui alikuwa ameweka sahihi yake. Chini yake, mahali pa mke kuonyesha kwamba ameridhia, ambapo yeye hakuwahi kutia kidole, palikuwa na jina lote la Jepkorir, namba ya kitambulisho chake, na alama ya kidole gumba cha mwanamke mwingine.