Bakuli la Wifi

Haya aliniambia mpwa wangu Nyangi, wiki ya Pasaka, tukipepeta ulezi uani.

Pale Sirari, anasema, watu hawavuki tena mpaka. Inavuka mizigo tu. Kila nyumba ina sanduku mlangoni. Unatia kitu chako, sanduku linakitambua, ushuru unajikata wenyewe, na kabla chai haijapoa kiko Isebania, upande wa Kenya.

Robi, mama mmoja wa pale Sirari, alikuwa na wifi yake ng'ambo, Wegesa, mjane kama yeye. Bakuli moja la bati liliwaunganisha miaka yote: likienda na ulezi, likirudi na karanga, maana chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu. Zamani sanduku lilileta na sauti ya Wegesa, ya utani: "Wewe kizee, ulezi wako una mchanga kama moyo wako!" Tangu masika sauti haikuja. Karanga zilikuja tu.

Siku moja Robi akaamua kumchokoza, akalituma bakuli tupu. "Kwa aibu hii," akasema, "kama yupo, lazima atanitukana."

Bakuli likarudi limejaa karanga.

"Nani kazitia?" Robi akaliuliza sanduku.

"Ni mimi, mama. Nyumba ile hurudisha karanga, basi nazitoa ghalani usicheleweshwe."

"Na Wegesa mwenyewe?"

"Mzigo wako hauna kasoro, mama."

Robi aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akapepeta ulezi wa matanga ya wifi yake, akautoa mchanga wote, akalijaza bakuli na kulitia sandukuni. Akajifunika shuka, akalala.