Mnandi Aliyeng'aa

Mzamiaji gani huona haya kulowa? Mnandi. Manyoya yake hunywa maji, na uzito huo ndio humshusha hadi kwa samaki. Lakini Bata alipomcheka, "Shoga, umelowa kama tambara la deki!" kesho yake Mnandi alitokea aking'aa, hata tone halimshiki.

Akapiga mbizi, maji yakamrudisha juu kama kumbi la nazi. Akarudia, akaibuka tena. Kiotoni kinda wake analia njaa.

"Samaki wamehama," alimwambia mumewe, aliyetua na dagaa tele mdomoni.

Mume alimlisha kinda, naye aliposhiba akapanda mgongoni kwa mama kulala, akaporomoka.

"Mama, mbona unateleza?"

Mnandi akashindwa kujizuia, akacheka. "Haya basi. Nilijipaka mafuta ya Bata."