Jicho la Fundi

Fundi aliegemeza kidevu kwenye mashine, akatoa jicho lake lijaribiwe. Tangu baba yake aanze kushikwa mkono kwenda msalani, alikuwa akihangaika kuunda kioo hiki cha silikoni kilichomo ndani ya mashine, kidogo kuliko ukucha, kinachojikunja na kujikunjua mpaka daktari aone chembe hai za ndani kabisa ya jicho.

“Usipepese,” daktari alisema, kisha akainamia skrini.

“Vipi, picha imegoma?”

“Dada, mzee wako alianza kupofuka akiwa na umri gani?”

Kidevu kilibaki palepale kama kimegandishwa kwa gundi.

“Basi kioo changu ni kibovu,” alisema haraka. “Hebu jipime wewe kwanza.”

“Nimeshajipima, dada. Kioo chako ni kizima.”